Reli Iliyoenea Ubaoni

Mwezi uliopita mpwa wangu akaaye Mombasa aliniletea barua ndefu ambayo, baada ya shikamoo na habari za jamaa, ilijaa masikitiko matupu. Alikuwa amejipatia kompyuta iliyokwisha kutumiwa na wengine, akaitia programu iitwayo Open Rails, ambayo hutolewa bila ya malipo na humwezesha mtu kuendesha garimoshi katika kioo cha kompyuta kwa namna iliyo karibu sana na ya kweli. Na kwa kuwa ni kijana, na tabia ya vijana ni kuanza na makubwa, alifunga injini nne za Kimarekani mbele ya mabehewa mia ya makaa akashika njia ya mlimani. Mashine ikalemewa, picha zikawa zinakwenda kwa kuruka, na mwishowe kila kitu kikaganda. Alipogeukia fikira ya kujijengea reli ndogo ya mezani, akapima chumba chake na kuona kwamba kikiisha kuingia kitanda hakiingii kingine. “Basi mjomba,” aliniandikia, “mimi naona mchezo huu ni wa wenye majumba na wenye mashine za thamani, na sisi wa vyumba vya kupanga tuutazame kwa mbali.”

Nilimjibu siku ile ile kwa maneno machache ya kumtuliza, lakini jibu lile halikunikinaisha, kwani aliyoyasema ni kinyume kabisa cha yale niliyoyaona katika umri wangu. Mimi ni mtu wa vyumba vya kupanga tangu ujana hadi nywele kuota mvi, na raha zote nilizozipata katika reli za mfano, za mezani na za kompyuta, nilizipata kwa injini ndogo na njia fupi. Wala sikuzipata kwa kuwa nilikosa kubwa nikaridhika na dogo, bali kwa kuwa katika dogo ndimo ilimo kazi yenyewe ya reli. Jambo hili sikulijua kwa kulisoma. Nilifundishwa na watu, tena aghalabu watu ambao hawakujua kwamba wananifundisha, na barua ya kijana huyu imeniamshia kumbukumbu zao mmoja baada ya mmoja.

Wa kwanza ni marehemu baba yangu, Mungu amrehemu, aliyekuwa mtumishi wa reli ya Afrika ya Mashariki katika uwanja wa mabehewa wa Mombasa, kazi yake ikiwa kufunga na kufungua mabehewa na kugeuza pointi za kubadilishia njia. Katika miaka ya mwisho ya 1950 mimi ndiye niliyempelekea chakula cha mchana, na macho yangu yote yalikuwa kwa injini za Garratt za daraja la 59, zile zilizobeba majina ya milima ubavuni. Zilikuwa 34, zote zimeundwa na Beyer, Peacock mjini Manchester, kila moja ina uzito wa tani 252, na katika reli zote za upana wa mita moja ulimwenguni hapakuwa na injini ya mvuke iliyozipita kwa nguvu. Ilipoingia moja kutoka Nairobi, ardhi ilitetema chini ya nyayo zangu, nami nikasimama nimeduwaa na sufuria mkononi mpaka mchuzi ukapoa.

Baba hakuwa akizitazama. Yeye macho yake yalikuwa kwa injini za tangi za daraja la 13, zilizoundwa Glasgow mwanzoni mwa miaka ya 1950 makhsusi kwa kazi ya kusogeza na kupanga mabehewa, ambazo kutwa nzima zilikwenda mbele na nyuma ndani ya uwanja bila ya kwenda popote. Siku moja nilimwuliza kwa nini haipendi ile kubwa, naye akanijibu huku akitafuna: “Mwanangu, ile haijui behewa hata moja. Huja ikafungiwa, ikaenda zake. Hii ndogo ndiyo ijuayo lipi la saruji, lipi la mafuta ya taa, lipi la kukatwa Voi liende Moshi na lipi la kupita mpaka Kampala. Na ile kubwa haiondoki hapa mpaka hii imalize kazi yake.” Wakati ule niliyasikia maneno hayo kama mtoto asikiavyo maneno ya mzee anayetetea kazi yake, lakini miaka mingi baadaye, nilipokuwa na injini yangu mwenyewe isiyozidi urefu wa kidole, niligundua kwamba alikuwa amenipa elimu nzima. Uwanja wa mabehewa ni mahali ambapo sauti ya mtu husikika toka upande huu hadi ule. Hata hivyo kila dakika yake ina uamuzi, kwani behewa likiwekwa nyuma ya jingine kimakosa, kosa hilo litasafiri mpaka Voi na huko litamgharimu mtu mwingine saa nzima. Katika njia kuu, kwa upande mwingine, dereva huweza kukaa muda mrefu asiwe na la kuamua ila mwendo wake na ishara za njiani. Sisemi kwamba kazi hiyo ni nyepesi. Nasema tu kwamba mwenye kutaka kuionja reli kwa muda wa nusu saa, baada ya kazi, chumbani mwake, ataionja zaidi uwanjani kuliko njiani.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 niliondoka kwenda Uingereza, nikapata kazi na chumba katika mji wa Brighton ulioko pwani ya kusini. Sikujua kwamba kadari imenitupa mahali penyewe, kwani ni katika karakana za mji ule ambamo William Stroudley, mkuu wa injini wa kampuni ya reli ya London, Brighton na Pwani ya Kusini, alitoa mwaka 1872 injini ya magurudumu sita ambayo baadaye watu wote waliiita Terrier. Zikaundwa 50 mpaka mwaka 1880, kila moja chini ya tani 30, kwa ajili ya magarimoshi ya abiria wa vitongoji vya London, ikiwemo njia ipitayo chini ya Mto Thames katika lile handaki maarufu la mhandisi Brunel. Moja yao ilipelekwa Paris katika maonyesho makubwa ya mwaka 1878 ikarudi na nishani ya dhahabu. Watu waliozizoea Garratt zetu wangecheka kuiona Terrier, kwani uzito wa Garratt moja ya daraja la 59 unazishinda Terrier nane zikiwekwa pamoja. Lakini mimi nilipoiona kwa mara ya kwanza, katika stesheni ya Sheffield Park ambako wapenzi wa reli wanaiendesha njia ya zamani iitwayo Bluebell, sikucheka. Ile waliyoinunua mwaka 1960, inayoitwa Stepney, ilikuwa imesimama imepakwa rangi na kusuguliwa ikametameta, na nilipoitazama kwa makini sikuona kitu kilichopungua: chumba cha moto, bomba, pistoni, breki, pa kusimama dereva na mtia makaa, vyote vimo, tena vyote vyaonekana kwa jicho moja.

Mzee mmoja niliyemkuta jukwaani, baada ya kuona kwamba mgeni huyu kutoka Afrika anauliza maswali ya mtu wa reli, alinieleza habari ya kisiwa cha Hayling. Njia ya kutoka Havant kwenda kisiwani ilivuka maji kwa daraja la mbao pale Langston, na daraja lile lilikuwa dhaifu mno kiasi cha kutoweza kubeba injini nzito. Kwa hiyo, wakati injini kubwa zilizozaliwa nusu karne baada yao zilipokuwa zikikatwakatwa kuwa vyuma chakavu, Terrier zilizopita umri wa miaka themanini zilikuwa zingali zikivusha abiria wa kwenda pwani, mpaka njia ilipofungwa Novemba 1963. Hazikubakizwa kwa huruma ya mtu. Daraja lilizitaka zenyewe, na badala yake haikupatikana. Nadhani mtu anayejenga reli ya mfano katika chumba kidogo afanye vivyo hivyo: aanze na mahali, akiulize kile chumba kinataka nini, kisha aende kutafuta injini inayopafaa, badala ya kununua kwanza injini iliyomvutia dukani na kuanza kugombana na kuta.

Chumba changu kiliruhusu ubao mmoja juu ya kabati la nguo, wenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 30. Niliununua nikauweka, na kwa muda mrefu haukuwa na kitu juu yake ila vitabu, kwa sababu sikujua la kuufanyia.

Aliyenijulisha alikuwa dereva mstaafu niliyemkuta katika chama cha wapenzi wa reli za mfano, kilichokuwa kikikutana jioni katika ukumbi wa kanisa. Chama kilikuwa na reli kubwa ya mviringo iliyojaa ukumbi, na desturi ilikuwa kila mwanachama apewe zamu ya kuzungusha garimoshi lake. Ilikuwa tamasha nzuri ya kutazamwa, na sitasema vinginevyo, lakini zamu ya mtu ikifika kazi yake ilikuwa kufungulia umeme na kusimama kulitazama garimoshi likienda na kurudi pale pale. Yule mzee hakupanga foleni. Alikuwa na ubao wake pembeni, juu ya meza mbili za kunywea chai, na kila nilipopita nilimwona ameinama, midomo yake ikitikisika kama mtu afanyaye hesabu.

Ulikuwa ni ule mpango uliobuniwa na Mwingereza Alan Wright na ambao sasa unajulikana kote kwa jina la Inglenook. Njia zake ni tatu tu, zinazounganishwa na pointi mbili: moja inaenea mabehewa matano, na mbili nyingine kila moja inaenea matatu; na ile njia ya kurudia, ambako injini husimama ikibadili upande, inaenea injini na mabehewa matatu, hata nusu ya behewa la nne haiingii. Mabehewa ni manane. Mchezaji huokota karata au vifungo vilivyoandikwa nambari za mabehewa, matano kati ya manane, na injini ndogo sharti iyapange matano hayo katika njia ndefu kwa utaratibu ule ule yalivyotokea, bila ya mkono wa mtu kuyanyanyua. Mwenye kupenda hesabu ataona kwamba la kwanza huweza kuwa lolote katika manane, la pili lolote katika saba yaliyobaki, na kuendelea, hata jumla ya taratibu zinazowezekana ikawa 6,720. Mtu akipanga utaratibu mmoja kila usiku bila ya kurudia, zitampita siku za miaka kumi na minane na zaidi kabla ya kuumaliza ubao ule, nao haufikii urefu wa mtu aliyelala.

Yule mzee alinipa kidhibiti cha umeme nijaribu, nami nikaendesha kama nilivyoona wengine wakiendesha. Hakunizuia. Aliniambia tu nihesabu mwendo wa mtu anayetembea kando ya injini, kwani katika uwanja wa kweli mfungaji mabehewa hutembea kando yake, na injini haimwachi nyuma. Usiku ule nilikaa na kalamu nikafanya hesabu ambayo imebadili fikira zangu hadi leo. Mtu atembeaye hukwenda yapata kilomita 6 kwa saa. Katika kipimo cha Waingereza, ambacho mfano wake ni sehemu moja ya 76 ya kitu halisi, mwendo huo ni sentimita mbili na ushei kwa sekunde. Kwa hiyo injini ya kupanga mabehewa ikienda mwendo wake wa haki hutumia karibu dakika nzima kuumaliza ubao wangu wa sentimita 120. Garimoshi la kasi liendalo kilomita 120 kwa saa lingeumaliza kwa muda usiofika sekunde tatu. Ubao ni ule ule, urefu ni ule ule, lakini kwa mmoja ni uwanja mpana wa kufanyia kazi, na kwa mwingine ni ufa wa mlango unaopitiwa mara moja na kusahauliwa. Tangu siku hiyo sijapata kumwambia mtu kwamba chumba chake ni kidogo kabla ya kumwuliza anataka kwenda kwa mwendo gani.

Na kama ilivyo kwa urefu, ndivyo ilivyo kwa kona. Kona kali kabisa iuzwayo madukani kwa kipimo hicho ina nusu kipenyo cha milimita 371, ambayo katika ulimwengu wa kweli ni mita 28. Injini kubwa ya abiria haiwezi hata kuota ndoto ya kupita kona ya mita 28; ikipitishwa katika kona ya namna hiyo mezani, kichwa chake huning'inia nje upande mmoja na kila mtazamaji hujua kwamba anadanganywa. Lakini katika bandari za Liverpool zilikuwamo kona kali namna hiyo, zikizunguka pembe za maghala, na kampuni ya reli ya Lancashire na Yorkshire iliziundia tangu mwaka 1891 injini za magurudumu manne tu ambazo watu waliziita Pug, zikafika 57, nazo zilizipita kona zile kila siku bila ya taabu. Mwenye meza ndogo akiweka Pug juu yake amesema kweli. Akiweka injini ya mwendo wa kasi amesema uwongo, japo kila msumari wa injini hiyo uwe mahali pake. Haya nayasema kwa mkazo kwa sababu nimeona watu wengi wanaotumia fedha nyingi kutafuta usahihi wa rangi na nambari, ilhali kosa kubwa liko katika umbo la njia.

Injini ndogo ina ukali wake, na sipendi kuuficha. Kwa kuwa magurudumu yake ni machache, pa kuokotea umeme ni pachache vilevile, na chembe ya vumbi au tone la mafuta ambalo injini ya magurudumu kumi isingelijua huisimamisha hii katikati ya pointi. Kwa hiyo inamtaka bwana wake asafishe reli kabla ya kuendesha, ajue pointi zake zinapitisha umeme mpaka kwenye makutano, aiongezee uzito mahali panapostahili, na asiiache kabatini mwaka mzima kisha atazamie miujiza. Terrier yangu ya kwanza niliiunganisha mwenyewe kwa vipande vya madini laini vilivyouzwa katika sanduku, na mwezi mzima ulipita kabla haijakubali kwenda polepole kama nilivyotaka. Lakini mwezi ule ulinifundisha kila kilichomo ndani yake, elimu ambayo sikuipata kwa injini yoyote niliyoinunua ikiwa tayari.

Huenda msomaji akadhani kwamba udogo unamlazimisha mtu kuridhika na uwanja wa mabehewa pekee. Sivyo. Mwaka 1957 Cyril Freezer, mhariri wa gazeti la Railway Modeller, alitoa ramani aliyoiita Minories, ambayo ni stesheni nzima ya mjini yenye majukwaa matatu, ikitumikiwa na injini fupi za tangi, na watu wangali wakiijenga hadi leo. Na siku nilipokwenda Long Wittenham, katika mkoa wa Oxford, kwenye jumba la makumbusho la Pendon, niliona jambo lililonigusa zaidi. Humo imehifadhiwa reli ya Madder Valley, kazi ya John Ahern aliyoianza kabla ya Vita Vikuu vya Pili, wakati ambapo wengi waliokuwa na reli za mezani walijali injini na kuyaacha mazingira yawe mbao tupu. Ahern alichukua injini ndogondogo za aina ya reli za mashambani, zinazovuta behewa moja au mawili, akazijengea bandari, mitaa, vilima na viwanda, hata ukiyatazama unaona kwamba garimoshi lina sababu ya kuwepo. Nilisimama pale muda mrefu kuliko wenzangu walivyopenda. Behewa moja likipita nyuma ya paa la nyumba na kutokea upande wa pili huonekana limetoka mbali. Mabehewa ishirini yangeijaza bandari na mji, na kichwa cha garimoshi kingekuwa kimefika mwisho wa safari kabla ya mkia wake kuanza.

Nimekwisha kufika pia Hamburg, nikaiona Miniatur Wunderland, reli kubwa ya mfano iliyofunguliwa mwaka 2001, nami nilistaajabu kama wote wanavyostaajabu. Ni kazi ya watu wengi kwa ajili ya wengi. Lakini nilitoka humo sina hamu ya kujenga kitu, na nilipotoka Pendon sikulala.

Habari moja ya Marekani naitaja kwa kuwa inaonyesha jinsi hata udogo wenyewe huwa na historia yake. Nilipokwenda Pennsylvania kumtembelea binti yangu aliyeolewa huko, nilinunua katika duka moja injini ndogo ya dizeli, mfano wa zile za General Electric zilizoundwa tangu mwaka 1940 hadi 1956, na mwenye duka akanieleza kwa nini uzito wa zile za kweli ulikuwa tani 44 za Kimarekani. Mapatano ya mwaka 1937 baina ya makampuni ya reli na wafanyakazi yalisema kwamba kila injini yenye uzito wa ratili 90,000 au zaidi sharti iwe na mtu wa pili, mtia makaa, hata kama haina makaa. Basi wahandisi wakabuni injini ya ratili 88,000. Baba angeipenda hadithi hiyo, na hapana shaka angekuwa upande wa mtia makaa. Mimi nilichopenda ni kwamba, nilipoiweka ubaoni, sikuwa nimeweka kipande cha madini kilichopakwa rangi, bali shauri zima la watu waliokaa mezani wakabishana juu ya riziki.

Mikono ilipoanza kutetemeka nisiweze tena kulehemu waya nyembamba, niliingia katika reli za kompyuta, kwanza kwa shingo upande. Programu ya Microsoft ya kuigiza uendeshaji wa magarimoshi, iliyotoka mwaka 2001, ilikuwa na njia sita, na kila mtu niliyemjua aliendesha lile garimoshi la umeme la kasi la Marekani, au Flying Scotsman. Mimi nilivutwa na njia ya Hisatsu, katika kisiwa cha Kyushu huko Japani, ambayo gari lake ni behewa moja tu la dizeli, la aina ya KiHa 31, lijiendeshalo lenyewe. Pale Okoba njia hujizungusha mlimani kama duara, na ndani ya duara hilo gari huingia stesheni, dereva akahamia upande wa pili, akarudi nyuma kupanda, kisha akasimama tena na kuhamia upande wa kwanza ili aendelee. Katika njia ndefu za tambarare nilipata kusinzia mbele ya kioo. Okoba sijapata kusinzia. Na tangu mvua kubwa za Julai 2020 zilipoiharibu njia ile ya kweli, sehemu ya Yatsushiro hadi Yoshimatsu haipitishi magarimoshi, hata nikajiona ni miongoni mwa watu wanaoitunza kwa kuiendesha.

Hapo ndipo ilipo dawa ya mpwa wangu, nami nimemwandikia. Kompyuta yake ililemewa kwa sababu inapaswa kuhesabu kila behewa peke yake, uzito wake, breki yake, mvutano wake na lile lililo mbele, na kuchora yote mia kwa mara moja. Achukue injini moja ya kupanga, mabehewa manane, na stesheni moja yenye njia za pembeni chache, na mashine ile ile itakwenda bila ya kukwama, naye atajifunza kufunga breki kwa upole, kusogelea behewa pasipo kuligonga, na kukumbuka lipi liko nyuma ya lipi. Hata waundaji wa michezo mipya wamelijua hilo: katika Derail Valley, iliyotoka mwaka 2019, anayeanza hupewa kwanza injini ndogo ya dizeli iitwayo DE2, na nimesikia wazee wa mchezo huo, waliokwisha kupata ruhusa ya injini zote kubwa, wakikiri kwamba jioni wakitaka kustarehe huirudia hiyo hiyo.

Kwa upande wangu, nimeamua kwamba ubao wangu wa mwisho utakuwa wa kwetu. Unguja ilikuwa na reli ya Sultani Sayyid Barghash, ya maili saba toka kasri yake mpaka Chukwani, iliyotandikwa mwaka 1879 na ambayo mabehewa yake yalivutwa kwanza na baghala, kisha na injini ndogo ya magurudumu manne iliyoagizwa kwa Bagnall wa Uingereza. Baadaye ikaja ile ya Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney tangu mwaka 1905, nayo pia ya maili saba, ikipita ndani ya mitaa myembamba ya Mji Mkongwe. Na bibi mzaa mama alikuwa akitusimulia kwamba garimoshi likija, waliokaa barazani walivuta miguu. Maili saba kwa kipimo changu ni karibu mita 150, na mita 150 sinazo. Ninayo sentimita 120, nayo inatosha pembe moja ya mtaa: nyumba ya ghorofa upande wa kushoto, ambayo garimoshi litatokea nyuma yake, nyumba nyingine upande wa kulia, ambayo litapotelea nyuma yake, na katikati ukuta, mlango uliochongwa, na baraza.

Reli ya Bububu ilikuwa na upana wa futi tatu, ambao kwa kipimo hiki ni milimita 12 kamili, kwa hiyo reli zake hupatikana bila ya taabu. Kilicho kigumu ni baraza. Likiwekwa mbali na reli kwa milimita tano tu zaidi ya haki yake, ni kama sentimita 38 katika mtaa wa kweli, na hapo hakuna tena sababu ya mtu kuvuta miguu, na simulizi ya bibi inakuwa haina maana. Nimewaomba jamaa walioko Unguja wanipimie mabaraza matatu ya zamani, kimo na upana, na umbali wake mpaka ukuta wa mbele. Milango nitaichonga baadaye. Kwanza baraza, kisha reli, na injini mwisho.